Tulivuka Rusizi kutafuta usingizi tu

Watu wakisikia kwamba tulimupeleka Papa, baba yetu, kutoka Bukavu kwetu Kongo mpaka Kigali kule Rwanda juu ya kanseri, swali la kwanza ni lile lile, alipona? Nikijibu hapana naona sura inabadilika, anaanza kuhesabu mu kichwa zile dola tulikula. Basi niseme mapema ili tusisumbuane: hatukuenda kutafuta apone. Tulienda kutafuta alale. Papa alikuwa amefikisha karibu miezi mine hajalala kitandani, analala amekaa ku kiti ameegemea meza, mto juu ya meza na radio pembeni, maana akijilaza tu mugongo unamuwakia kama moto.

Mi niko binti wa kwanza, njo maana kazi ya gadimaladi, kukaa na mugonjwa, inaniangukiaka mimi kila mara, akiugua shangazi ni mimi, akizaa muke wa Yaya, kaka yangu mukubwa, ni mimi. Kwa hiyo haya ninayoandika niliyaona kwa macho, isipokuwa ile sehemu moja ambayo wanaume wa familia walinificha, na hiyo nitafika pale.

Ilianza mwisho wa 2021. Papa alikuwa mwalimu, retreti, ameshastaafu, anapanda Kadutu kwa miguu kila siku bila kuhema, mara akaanza kusema mugongo. Tukasema ni baridi, ni uzee. Tukapaka mafuta, tukakanda na maji ya moto, famasi ikatupatia diklofenake, ikaisha, tukanunua ingine, mpaka tumbo likaanza kumuuma na yeye hasemi. Papa ni wa kusema "kidogo tu". Ukimuuliza unaumwa? Kidogo tu. Na huku anashika ukuta ili ainuke.

Vile tulifika lopitali wakapima PSA, kipimo cha damu cha prostati, ile tezi ya wanaume, ikatoka juu sana, zaidi ya 100, wakatoa kipande wakakipeleka labo, wakapiga picha za radio za mifupa. Siku ya majibu dokteri aliita Baba Mudogo na Yaya mu biro, mi nikabaki ku koridoro na termosi ya chai. Walitoka wakasema maneno mafupi: ni kanseri ya prostati, imeshafika mu mifupa, hapa hakuna dawa.

Hiyo "hapa hakuna dawa" ilitutembeza miezi nane.

Kwanza akaja mutu mumoja, alikuwa anapeleka wagonjwa India, ana picha za lopitali nzuri mu simu, ana barua, ana kila kitu. Alisema tutafute dola 7.000 tu, Papa atarudi anacheza mupira. Yaya akaanza kuangalia bei ya kile kiwanja chetu cha Bagira. Mi nikamuuliza huyu bwana swali moja, kule watamufanyia nini hasa? Akajibu "matibabu ya kisasa". Nikauliza tena, akanijibu vile vile. Sikuwa na akili nyingi za udaktari lakini najua kwamba fundi hata wa viatu anakuambia anashona wapi na anagonga wapi. Kiwanja hatukukiuza, na Yaya alininunia wiki mbili.

Halafu kukaja lile baraza la familia. Siku hiyo infirimie mumoja, muuguzi, binti wa jirani, alikuwa ameniambia kwamba Kigali, kule Kanombe ku lopitali ya kijeshi, kuko mashine za radioterapia, za kumulika kanseri na miale, tangu 2019, na kwamba kwa maumivu ya mifupa wakati mwingine wanamulika mara moja tu, siku moja, mugonjwa anarudi. Akaniambia wazi: haitamuponyesha, itamupunguzia maumivu. Mi nikaenda nayo mu baraza nikafikiri nimeleta habari njema. Bukavu hatukuwa na mashine hiyo, na kufika Kinshasa ni ndege tu, hakuna barabara ya kupitisha mugonjwa, wakati Kigali ni saa sita hivi za bisi kutoka ngambo ya mutoni Rusizi.

Baba Mudogo alinisikiliza mpaka mwisho akasema, "Sasa kama hatapona, tunachangia nini?"

Hakuwa mubaya, nawaambia ukweli, ni swali kila mutu alikuwa nalo mu roho. Sisi tunajua kuchangia kupona. Tunajua pia kuchangia matanga, pale hata mutu hajui jina la marehemu analeta bahasha, kinywaji kinafika, kiti kinafika, hema linafika. Ila katikati, pale mutu hajapona na hajakufa, yuko anauma tu ku kiti saa nane za usiku, pale hakuna bahasha. Nilitumia WhatsApp ya familia juma nzima, nikiandika "kumusaidia Papa na maumivu" hawatumi kitu, nikabadilisha nikaandika "matibabu ya Papa Kigali" zikaanza kuingia. Nilidanganya? Kidogo. Zikafika dola 1.140 na mi nikanyamaza.

Makaratasi: lesepase ya CEPGL, kibali cha kuvuka mupaka, zetu mbili, rapoti ya dokteri, karatasi ya labo, zile picha za radio mu bahasha kubwa. Kitu kimoja nilifanya vizuri, na hiki nakiambia kila mutu, kabla ya kutoka nilipiga picha kila karatasi nikatuma kule wakatazama, wakatupatia siku ya randevu. Nimeona wenzetu kule waliokuja bila kitu, wanaambiwa muanze upya egzame zote, na kule sisi ni wageni, Mnyarwanda ana mitiweli yake, bima ya afya, inamubebea, wewe unalipa kamili. Bei siandiki maana zinabadilika, uliza kabla, na uliza kwa maandishi.

Safari yenyewe sasa. Mugonjwa wa mifupa safari yake ni mambo ya mashimo tu. Kutoka kwetu mpaka Rusizi ya kwanza, pale ku mupaka, fronteli, Papa aliteseka kuliko kutoka Kamembe, ngambo ya Rwanda, mpaka Kigali yote, naapa, yale mashimo yetu kila moja alilitaja kwa jina la mutu wa serikali. Kwa hiyo: tramadoli, dawa ya maumivu, saa moja kabla ya kutoka, siyo wakati anaanza kulia. Kiti cha mbele mu bisi, usikubali nyuma, nyuma kunaruka. Godoro la sponji ulikate kipande cha kukalia na kipande cha mugongo. Ku fronteli walitunyanganya sashe zote, wenzetu wamekataza sashe za plastiki tangu 2008 na mi nilikuwa nimefunga sambaza, zile samaki ndogo, mu sashe, unga mu sashe, mpaka viatu mu sashe, nikabaki pale nimebeba sambaza mu kitenge kama mutoto. Weka vitu mu mufuko wa nguo. Mu pori ya Nyungwe kuna makona na baridi, abebe koti na kitu cha kutapikia. Huye tulishuka tukamunyosha miguu.

Tulifika Ijumaa usiku, na kesho yake ilikuwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, umuganda, kazi ya wote, asubuhi maduka yamefungwa watu wako wanafagia na kulima, nikatafuta mukate mpaka nikachoka. Angalieni kalenda.

Chumba tulipata kwa mama mumoja karibu na Kanombe, dola tano kwa siku, napika inje ku makala. Lugha haikunisumbua vile niliogopa, Kiswahili nacho ni lugha ya serikali kule tangu 2017, na muko wengi wanakisema, hata kama sicho chetu.

Jumatatu tukaingia. Kabla ya dokteri kulikuwa infirimie, mama wa makamo, akamusalimia Papa "Muzehe" kwa mikono miwili, akainua mukono wake mbele ya uso wake akamuambia: ngumi ni hakuna maumivu, kidole kimoja kidogo sana, vitano ni yale ambayo huwezi kuvumilia. Unaumwa vidole ngapi? Mi nikawa tayari nimejibu mu kichwa, atasema kimoja, kidogo tu. Papa akaangalia mukono wake mwenyewe muda. Akainua vitano. Halafu akainua na wa pili, vyote kumi.

Nilitoka inje nikalia ku ukuta. Miezi mingapi ninamuuliza "unaumwa?" na hakuna siku nilimupa namna ya kujibu bila kusema.

Sasa ile sehemu. Dokteri akasoma rapoti ya Bukavu, Kifaransa kilimukatalia kidogo akasoma taratibu, akauliza: operesheni ilifanyika lini? Nikasema operesheni gani? Akanionyesha mustari. Iliandikwa pale, miezi nane nyuma, dokteri wetu wa Bukavu alikuwa amependekeza wamutoe mapumbu. Papa akageuka akaangalia dirisha.

Nitaeleza vile nilielezwa. Hiyo kanseri ya prostati inakulaka homoni ya kiume, na hiyo homoni sehemu kubwa inatoka mu mapumbu. Ukiyatoa umeinyima chakula, inasinzia, pengine mwaka, pengine miaka, na maumivu ya mifupa yanaweza kushuka mu siku chache tu au wiki. Kuko sindano zinafanya kazi ile ile lakini ni za kurudia kila mwezi au kila miezi mitatu, na bei yake si ya retreti ya mwalimu. Operesheni ni ndogo, mara moja basi, na inafanyika Bukavu. Mu muji wetu! Kwa franga kidogo kuliko zile nililala nazo Kigali.

Kwa hiyo "hapa hakuna dawa" haikuwa ya dokteri. Ilikuwa ya Baba Mudogo na Yaya. Walisikia neno mapumbu, wakaona aibu, wakaona namna gani watamuambia muzee kitu kama hicho, na namna gani watatuambia sisi wanawake, wakafunga mudomo. Nilipiga simu Bukavu usiku ule nikasema maneno ambayo binti hasemi kwa baba yake mudogo, na sijaomba musamaha mpaka leo, ingawa nilimupelekea kitenge cha muke wake.

Na Papa? Yeye alijua. Waliporudi nyumbani Baba Mudogo alimunongoneza na yeye akakataa. Usiku kule chumbani aliniambia bila kuniangalia, "Binti, hayo mambo mubaba hayasemaki mbele ya mutoto wake wa kike." Nikamuambia ni kweli Papa. Tukanyamaza. Mara akasema, "Tukirudi, waambie wakate. Umri huu nitafanya nayo nini." Akacheka, na kucheka kukamuuma.

Radioterapia yenyewe ilikuwa na shida ambayo sikuifikiria: unalala ku meza, ngumu, bila kutikisika, na Papa ni mutu ambaye hajalala chali miezi mine. Siku ya kupima alishindwa, alipiga kelele. Njo wakamuanzishia morfini kwanza.

Mi nilikuwa najua morfini ni dawa ya watu wanaokufa au ya majambazi wa filamu. Kumbe ni maji maji mu chupa, machungu kabisa, unapima na sirinji isiyo na sindano unamumiminia mu kinywa. Wenzetu wa Rwanda wanaitengeneza wenyewe, na Uganda walianza zamani, tangu 1993 pale dokteri mumoja Anne Merriman alifungua Hospice Africa Uganda, ya kutunza wagonjwa wenye maumivu, wanachanganya unga wa morfini na maji na wanawapa watu wakunywe nyumbani. Kitu rahisi hivyo. Nimeandika saa zake ku karatasi nikaibandika ukuta: saa kumi na mbili asubuhi, saa ine, saa nane, saa kumi na mbili jioni, na ile ya saa ine usiku wanaiongeza mara mbili ili apitishe usiku. Haungojei aumwe, unafuata saa. Na dawa ya kulainisha choo inaanza siku moja na morfini, siyo baadaye, mi nilijidai papai litatosha, siku ya tano tulijuta wote wawili.

Usiku wa kwanza Papa alilala. Ku kitanda, chali, mudomo wazi. Mi sikulala, niliogopa wameniulia Papa, kila nusu saa naweka mukono ku kifua, naangalia kinapanda. Asubuhi akaamuka akauliza kama kuko sambaza.

Siku mbili zile za mwanzo alikuwa na usingizi usingizi mwingi, anasinzia na kijiko mukononi, halafu ikapita. Kuzoea dawa kama mulevi wanavyosemaka? Miezi yote alikunywa sikuiona hiyo. Maumivu yalipopungua, wakamupunguzia pole pole, hakuitafuta.

Basi akaweza kulala ku meza, wakamuchora alama, wakamumulika mara moja, dakika chache, mi nilikuwa sijamaliza hata kusali. Nikauliza ni hii tu? Ni hii tu. Na siku mbili baadaye maumivu yakapanda kuliko mbele! Yaya kwa simu, "Nilisema mimi, walikula dola zetu." Lakini walikuwa wametuambia, kwa wengine inapandaka kidogo kabla ya kushuka, na faida inaweza kungojesha wiki mbili, tatu, na si kila mutu inamufaa. Kwetu ilikuwa kama siku ya kumi na mbili, tayari tumerudi Bukavu. Nilimukuta amesimama ku mulango anapiga vidole ku mbao, anasikiliza habari, hajashika ukuta.

Kurudi na morfini: ordonansi, karatasi ya dokteri ya kuandikia dawa, yenye muhuri, barua ya dokteri yenye jina la mugonjwa kama lilivyo ku lesepase, herufi kwa herufi, na chupa ile ile ya famasi, usihamishe mu chupa ya maji. Mutu wa duane, forodha, alifungua, akanusa, akauliza. Nikatoa barua. Akasoma taratibu sana, kisha akaniuliza kama inasaidia kweli, mama yake ana kanseri ya titi. Tulisimama pale kama robo saa na foleni inalalamika nyuma.

Operesheni ilifanyika Bukavu juma lile lingine, aliingia asubuhi, siku ya pili yuko nyumbani. Baba Mudogo njo alimushika mukono kumuingiza, hiyo nampa.

Kutoka pale morfini ilishuka mpaka tukaiacha kabisa miezi mitano, anaenda na parasetamoli tu, alipanda mpaka kanisa kwa miguu akiwa na fimbo. Halafu ugonjwa ukaamuka tena, njo vile walituambia, na mi nikaanza kuvuka Rusizi kila mwezi peke yangu, kuchukua chupa, barua mu mufuko. Wakati huo nilijua kila mutu wa ile bisi. Walinifundisha pia kuangalia miguu yake, kwamba siku inakufa ganzi au inakuwa lege lege, au anashindwa kukojoa, tusingojee kesho, maana uti wa mugongo unabanwa na miguu inaweza isirudi. Kwetu haikufika pale.

Alikufa mwisho wa 2023, ku kitanda chake, asubuhi, alikuwa amelala usiku muzima. Bahasha zilifika nyingi sana. Hema tatu.

Hayo ni ya kabla ya Februari 2025. Tangu vita viingie mu muji mambo ya banki na njia yamebadilika, basi usinichukulie mimi kama ramani ya fronteli, uliza mutu aliyevuka juma hili.

Wiki iliyopita muzee wa parseli ya pili alikuja kugonga. Muke wake ana kanseri, ya chini, wanasikia analia usiku mpaka ku avenyu. Mwanzo aliomba kama nilibakisha chupa. Nikamuambia ile iliyobaki niliirudisha, hairuhusiwi kumupa mutu mwingine dawa hiyo bila dokteri kumupimia, inaweza kumudhuru. Akatikisa kichwa, akageuka kama anataka kwenda, kisha akauliza lile swali, kule banaponyesha?

Nikamuambia, "Muzee, ingia kwanza, ukae." Nikaweka maji ya chai ku makala, nikaenda kutafuta ile karatasi ya saa.